Magugu ya jangwani na daftari la jumuiya

Leo ni Dominika ya 16 ya Mwaka A, na Injili utakayoisikia kanisani ni ile ya Mathayo sura ya 13: mtu alipanda mbegu njema shambani mwake, watu wakiwa wamelala akaja adui yake akapanda magugu katikati ya ngano. Unaijua. Umeisikia tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza. Shida yetu ni kwamba wengi wetu hatujawahi kuingia kwenye shamba la ngano. Tukisikia magugu tunafikiria majani ya kwenye mahindi, yale tunayoyamaliza kwa jembe kabla jua halijawa kali. Ndiyo maana Injili hii ikisomwa nawaona wakulima kwenye mabenchi ya nyuma wakitazamana. Ni mwenye shamba gani huyu anayekataza watu wasipalilie?

Niliihubiri Injili hii kwa miaka mingi nikiliruka swali hilo. Nilianza kulielewa nilipokwenda mahali ambapo sikutegemea kukuta hata jani moja, achilia mbali magugu.

Mwenzangu mmoja wa seminari alijiunga na Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita White Fathers, akapangiwa kazi Algeria. Miaka kadhaa iliyopita alinikaribisha nikae naye wiki chache katika jimbo la Laghouat-Ghardaïa, jimbo ambalo eneo lake ni jangwa la Sahara karibu lote na waamini wake ni wachache kuliko jumuiya zangu tatu. Tuna deni na nchi ile. Askofu Mkuu Lavigerie, aliyekuja kuwa Kardinali, alianzisha shirika hilo Algiers mwaka 1868. Wamisionari watatu waliojaribu kuivuka Sahara kuelekea Timbuktu waliuawa njiani mwaka 1876. Miaka miwili baadaye msafara mwingine ulipelekwa huku kwetu, kwenye maziwa makuu. Wewe uliyebatizwa Bukumbi, Kipalapala, Bukoba au Rubaga, imani yako ilipita kwenye vumbi la kule.

Tulisafiri kutoka Ghardaïa kwenda kusini-magharibi. Tulipita El Menia, lilipo kaburi la Mtakatifu Charles de Foucauld, tukasali kidogo, kisha tukaendelea hadi eneo la Gourara, upande wa Timimoun. Ilikuwa mwezi Machi. Kwa saa nyingi dirishani hakuna kitu, mchanga na mawe tu. Halafu ghafla mitende.

Ukiingia chini ya mitende unakuta bustani yenye ghorofa tatu. Juu kabisa ni mitende yenyewe, inayozuia jua na upepo. Katikati ni mikomamanga na mitini. Chini, kwenye kivuli chepesi, ni ngano, shayiri na mboga, katika vitalu vidogo vilivyozungushiwa matuta ya udongo, vingine havizidi ukubwa wa mkeka wa sebuleni. Maji yanatoka kwenye kitu wanachokiita foggara: handaki lililochimbwa kwa mikono chini ya ardhi, kilometa kadhaa, likiwa na mteremko mdogo tu, ili maji yatiririke yenyewe bila pampu hadi bustanini. Yakitokeza nje yanapita kwenye jiwe lililochongwa kama kitana, na kila tundu la kitana hicho ni haki ya familia fulani. Wapo wazee ambao kazi yao ni kupima maji hayo, na mwaka 2018 UNESCO iliuingiza ujuzi wa wapima maji wa foggara za Touat na Tidikelt kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Nayasema haya ili uone thamani ya kila tone. Mahali kama hapo, jani lisilopandwa linalokunywa maji ya ngano ni mwizi kweli kweli.

Basi nilitegemea kuona vitalu visafi kama sakafu. Nilikuta magugu ya kila namna.

Mzee mmoja, Hadji, alikuwa amechuchumaa katikati ya ngano yake. Mwenzangu alimwamkia kwa Kiarabu, akatutambulisha, tukachuchumaa naye. Aling'oa jani mojamoja, na kila alilong'oa alilitaja kwa jina. Lile lenye majani ya mviringo ni khobbiza. Wanalipika, kama sisi tunavyookota mchicha na mnafu uliojiotea kwenye mahindi. Lile lenye utomvu mweupe, jamaa wa karibu wa mchunga wetu, ni la mbuzi. Lile lenye maua madogo ya njano ni la jamii ya kunde, na mizizi yake inarutubisha udongo. Ukoka ulikuwepo pia, ukoka huu huu unaotusumbua sisi, na huo aliung'oa kwa hasira kidogo. Kwenye kona moja palikuwa na matete machanga. Hapo Hadji aliacha kung'oa, akatuonyesha kidole chini: matete yakiota hapa, maji yamekwama chini, mfereji wa kutolea maji umeziba. Kwa jirani yake palikuwa na mimea minene, yenye majani kama vidole vya mtoto. Hiyo ni dalili ya chumvi, inayopanda juu pale maji yanapokauka bila kusafisha udongo. Mzee alilisoma shamba lake kwa magugu, kama mganga anavyotazama ulimi wa mgonjwa.

Baadaye nilielewa kwa nini kitalu kidogo vile kina majani ya aina nyingi. Mengine ni watoto wa jangwa lenyewe. Mbegu zao hulala mchangani zikingoja maji, na foggara ni mvua isiyokatika. Mengine yalikuja kutoka pwani ya Mediterania yamejificha ndani ya magunia ya mbegu. Mengine yaliletwa na samadi, maana kondoo anakula mbegu huku na kuiacha kule. Na kwa kuwa Hadji leo anapanda ngano hapa, mwakani majani ya mifugo, kisha kitunguu, hakuna gugu hata moja linalopata nafasi ya kutawala. Yamebanana, yanazuiana. Wadudu wanaishi humo, na ndege wanaovuka Sahara wanatua kupumzika mahali hapo penye kijani. Baadhi ya mbayuwayu unaowaona Desemba kwenye nyaya za umeme walipita juu ya jangwa hilo.

Sasa, lilikuwepo jani moja ambalo Hadji hakuligusa. Mimi nililiona ni ngano. Mwenzangu naye aliliona ni ngano. Mzee akacheka, akasema ni zuwani. Mwenzangu akanigeukia: "Baba, hiyo ndiyo magugu yako ya Mathayo." Injili kwa Kigiriki inatumia neno zizania, na wataalamu wa lugha wanaliona lina asili ya Kisemiti, ndugu wa hilo neno la Kiarabu. Wenye elimu ya mimea wanaliita Lolium temulentum, na hilo neno la pili kwa Kilatini ni mlevi. Mara nyingi ndani ya mmea huo huishi ukungu wenye sumu. Punje zake zikisagwa pamoja na ngano, mkate unamlevya mlaji, anatetemeka, anapata kizunguzungu, na akila nyingi anaweza kufa. Kwa hiyo adui wa Injili hakufanya utani. Sheria ya Warumi ililijua kosa la kumpandia mtu gugu hilo shambani ili kumharibia mazao.

"Mbona huling'oi?" niliuliza.

Jibu lake lilikuwa fupi, na mwenzangu alilitafsiri hivi: sasa hivi mikono yangu haijui, masuke yakitoka, hata mtoto atajua. Kisha akatenganisha udongo kwa kidole, akatuonyesha chini jinsi mizizi ya zuwani na ya ngano ilivyosokotana. Suke la ngano ni nene, punje zimekumbatiana. Suke la zuwani ni jembamba, vishada vyake vimekaa kwa kupishana kwenye bua. Lakini hilo utaliona mwishoni. Miezi yote ya mwanzo vinafanana.

Angalia vizuri, msomaji wangu. Mzee huyu hakuwa mvivu wa kupalilia. Alikuwa amepalilia tangu alfajiri. Aling'oa alichokijua, kimoja kimoja, akiwa chini, na alichokitoa alikipeleka kwa mbuzi. Asichoweza kukitambua alikiacha. Injili haimsifu mtu asiyejali shamba lake. Wale watumishi walikuja mbio wakitaka ruhusa ya kusafisha shamba zima kwa siku moja, na mwenye shamba alijua wangekanyaga nini na kung'oa nini.

Siku ya pili tulipelekwa kwenye mashamba mapya. Mwaka 1983 serikali ya Algeria ilitunga sheria inayompa ardhi ya jangwa yule atakayeilima, na watu wengi waliingia Sahara na mitambo ya kisasa. Bomba refu lenye magurudumu linazunguka kama mshale wa saa na kunyunyizia duara la hekta nyingi, maji yakivutwa kutoka chini kabisa, maji yaliyokaa humo tangu zama ambazo Sahara ilikuwa na mvua. Ukiwa ndani ya ndege unaona sarafu za kijani juu ya mchanga. Sitaki kuwabeza wale watu. Nchi inayonunua ngano nyingi nje ina haki ya kuitafuta kwake, na kijana aliyenitembeza alikuwa na fahari ya kweli.

Ila kwenye duara lile nilijifunza jambo jingine. Magugu hayakuwa ya aina nyingi. Ilikuwa karibu aina moja tu: nyasi nyembamba yenye manyoya mekundu, wanayoiita bromu. Ilijaa. Kijana alieleza bila kuficha. Wamepanda ngano juu ya ngano, mwaka hadi mwaka. Kila msimu wamepuliza dawa ya kuua majani mapana, na majani mapana yamekufa kweli, yale ya kuliwa, ya mbuzi na ya kurutubisha udongo. Dawa ile haiigusi nyasi, maana ngano yenyewe ni nyasi. Basi nyasi iliyobaki ikapata shamba zima bila mpinzani. Mbegu zake zilikuja ndani ya magunia na kwenye matumbo ya mashine za kuvunia zinazokodishwa kutoka shamba hadi shamba. Mbele kidogo tuliona duara jingine, kavu, limeachwa, bomba limeinama kama twiga mgonjwa. Si magugu peke yake yaliyoliua. Palikuwa na chumvi, gharama ya umeme, na mengine. Lakini magugu yalikuwemo kwenye hesabu.

Wazee wa seminari yetu walitufundisha tusilibane fumbo la Injili hadi litoe kila kitu, na nitawatii. Hata hivyo nina jambo moja la kuongeza kuhusu mwanasayansi Mrusi, Nikolai Vavilov. Alizunguka dunia kukusanya mbegu, na mwaka 1917 alieleza kwamba nafaka iitwayo rai, ambayo Ulaya ya baridi imeila kama mkate kwa karne nyingi, ilianza kama gugu ndani ya mashamba ya ngano. Ilifanana na ngano, ikavumiliwa, ikavunwa nayo, na ilipopelekwa kwenye baridi kali ngano ikafa, rai ikabaki. Gugu likawa chakula. Vavilov huyo alikamatwa mwaka 1940, akashtakiwa kuhujumu kilimo cha nchi yake, akafa gerezani Saratov mwaka 1943, amedhoofika kwa njaa. Waliomkamata walikuwa na hakika kabisa kwamba wanapalilia.

Sasa nirudi nyumbani, maana nina deni la kusema.

Miaka mingi kabla ya safari hiyo nilikuwa paroko kijana, mwenye ari. Niliweka utaratibu: kila muumini awe na kadi, kila mwezi kadi ipigwe muhuri wa jumuiya na wa zaka. Asiye na mihuri hapati huduma. Dominika moja baada ya matangazo nilisoma majina altareni kwa sauti. Nilijiona nimesafisha shamba. Wiki chache baadaye mmoja wa wale niliowasoma alifariki, mzee mtaratibu ambaye kwa mwaka mzima hakuonekana jumuiyani. Familia ilikuja kuomba Misa ya mazishi. Nikauliza kadi. Haikuwa na mihuri. Nikamtuma katekista akasali sala fupi makaburini, mimi nikaendelea na kikao cha ujenzi.

Baada ya maziko ndipo nilipopata habari, na si kutoka kwa familia. Waliona aibu kunieleza. Mkewe alikuwa amepooza. Mwaka huo wote mzee alikuwa akimnawisha, akimgeuza kitandani, akimlisha kwa kijiko, na saa ya jumuiya ndiyo ilikuwa saa ya kumwogesha. Watoto wao wanne hawakurudi tena kanisani. Wawili nasikia wanasali kwingine. Mjane niliomba kumwona. Alinipokea, akanisikiliza, akasema amesamehe. Nilitoka pale nikiwa sina cha kusema. Ngano yangu ilikuwa imeng'oka na mizizi yake.

Narudia, jumuiya ndogo ndogo ni uhai wa Kanisa letu, na zaka ni wajibu. Sijabadili msimamo huo. Lakini sheria ya Kanisa kuhusu kunyimwa mazishi, kanuni ya 1184, inataja watu wachache sana: waasi wa imani, wazushi na wafarakano wanaojulikana wazi, waliochagua maiti zao zichomwe kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika Kikanisa kungewakwaza waamini hadharani. Hata hao, ni iwapo hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Pakiwa na shaka aulizwe Askofu. Muhuri wa kadi haumo. Nilisoma kanuni hiyo seminarini na nikaifanyia mtihani. Somo la kwanza la leo, kutoka kitabu cha Hekima sura ya 12, linasema Mungu mwenye nguvu zote huhukumu kwa upole, na kwamba hivyo amewafundisha watu wake kuwa mwenye haki yampasa kuwa mwema kwa wanadamu. Hilo nalo nililijua.

Kwa nini nayaandika leo? Mwezi uliopita viongozi wa parokia ninayohudumia sasa waliniletea daftari. Wameandika majina 43 ya "wakristo wafu," ndivyo walivyowaita, watu wasiofika jumuiyani na wasiotoa zaka, na wanaomba niyasome altareni ili wengine waogope. Si watu wabaya hawa viongozi. Wamechoka kubeba parokia kwa mabega yaleyale kila mwaka. Nawaelewa, nilikuwa kama wao, na mimi ndiye niliyekuwa na cheo.

Niliwaambia sitasoma. Niliwaambia pia kwamba hatutalifungia daftari kabatini, kwa sababu huko nako ni kuliacha shamba. Tumekubaliana twende wawili wawili, nyumba kwa nyumba, jina kwa jina, bila kadi mkononi. Mwenyekiti hakupenda sana. Alisema itachukua hadi Majilio. Nikamwambia na ichukue.

Tulianza Alhamisi iliyopita. Wa kwanza kwenye orodha hakuwepo. Alihamia kwa binti yake mwaka jana na hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Wa pili, mama wa makamo, alitukaribisha chai, akatuambia wazi kwamba haji jumuiyani kwa sababu anadaiwa na mwenyekiti wa jumuiya yake na anaona haya kukaa naye benchi moja. Wa tatu alitufukuza getini kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Jumanne jioni tunaendelea na jina la nne.